Dada, Ukuta Ule Usimpokee Zaina

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa sababu moja, nami naitaja mwanzoni ili asiwepo wa kuitafuta katikati ya maneno mengi: nakuomba usimwingize mwanao Zaina katika chumba cha mwali kabla sijafika nyumbani. Nimesikia kwamba mahindi yamekwisha kuvunwa, kwamba mkeka wake umekwisha kusukwa, na kwamba Bibi amesema mwezi ukiandama mtoto ataingia ndani. Sisemi asiwekwe ndani. Nasema asiwekwe ndani ya chumba kile.

Barua hii sikuitia gundi. Nimemwomba mwalimu wa chuo hapo Mlali aipandishe mlimani mwenyewe na kuisoma kwa sauti barazani kwa Bibi, mbele ya kila mtu wa ukoo atakayependa kusikiliza. Chumba kile ni cha ukoo mzima, na Bibi, mama yake mama yetu, ndiye aliyekijenga kwa mikono yake. Sitaki kesho isemwe kwamba mimi na wewe tulinong'onezana juu ya kazi yake. Lakini maneno yenyewe nayaelekeza kwako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekaa ndani ya chumba hicho muda mrefu kuliko binadamu yeyote, na kwa kuwa sijui kuandika jambo kubwa pasipo kukuona wewe mbele yangu.

Naikumbuka siku ulipoingia. Hakuna aliyenieleza kitu. Asubuhi ulikuwa unanikaripia kwa sababu nilimwaga maji, na jioni hukuwepo. Nilizunguka nyumba nikikuita, mpaka ukuta ukanijibu. "Nyamaza wewe, unataka nipigwe?" Ndivyo ukuta ulivyosema, nami nikaketi chini pale pale, mgongo wangu ukiuegemea, nikafurahi kwamba hukufa.

Wanaosikiliza barua hii wanakijua chumba, lakini nitakieleza hata hivyo, kwa kuwa ndicho kiini cha maneno yangu. Bibi hakukikandika kwa udongo mwekundu kama nyumba nyingine. Alikwenda juu ya kijito, mahali ambapo ulanga hubanduka katika mwamba kama karatasi nyembamba zinazong'aa, akachukua udongo wa hapo. Wadachi walikuwa bado hawajafika kuchimba mashimo yao. Mahali pale palikuwa pa wanawake tu, waliokwenda kutafuta udongo mzuri. Chini ya ukuta alipanga mawe meusi, mazito kuliko ukubwa wake, ili maji ya mvua yasiule msingi. Mawe hayo yalikuwa na ukoko wa rangi ya manjano, nao Bibi aliukwangua, akausaga, akaupaka kwa ndani mstari mmoja mpana kuzunguka mahali pa kulala. Mlango ulipofunguliwa, ukuta wote uliwaka. Hakuna mwali katika mlima wetu aliyekaa katika chumba kizuri kama chako, na wasichana wa majirani walikuonea wivu waziwazi.

Mimi nilipata faida kubwa kuliko wewe. Kila alasiri nilikuja upande wa nje wa ukuta, na wewe, uliyekuwa huoni jua, ulinituma nikutazamie dunia. Uliuliza mawingu yamefika wapi, nikajibu kwamba yamefika mlimani. Hukuridhika. Mlima gani, sehemu gani ya mlima, meupe au ya kijivu, yanashuka au yanapanda? Siku moja nilikwambia kwamba upinde wa mvua ulikuwa mzuri sana, nawe ukakasirika kweli.

"Mzuri, mzuri. Mimi nifanye nini na mzuri? Niambie ulivyo."

Nikarudi kuutazama tena, na tena, mpaka nikaweza kukupa rangi zake kwa mpangilio na mahali ulipogusa mashamba ya watu. Walimu wangu wa pwani waliwahi kunisifu kwa sababu ya ripoti zangu. Walidhani walinifundisha wao. Lakini moyoni nilijua kwamba mwalimu wangu wa kwanza alikuwa msichana aliyefungiwa, asiyenikubalia neno la uvivu.

Kisha ndui ikaja. Ilipanda pamoja na watu waliotoka katika njia ya misafara, upande wa Gairo, na haikuchagua nyumba. Wewe hukuiona, uliisikia. Ulisikia vilio vikitoka nyumba moja hadi nyingine, ukawa unayataja majina kabla sisi hatujaambiwa, kwa kuwa ulizitambua sauti za waliokuwa wanalia. Mama alihamisha mkeka wake, akaulaza katika chumba cha pili, kichwa chake kikielekea ukuta wako, ili usiogope. Hakuruhusiwa kuingia kwako. Hakuna aliyeruhusiwa, ila Bibi peke yake, ambaye aliugua ndui utotoni na uso wake ulikuwa ushahidi. Yeye ndiye aliyekuletea chakula, katika chombo ambacho hakikuguswa na mtu mwingine, kama desturi ya mwali inavyotaka.

Mimi niliugua na nikapona, nikabaki na uso huu ambao ulizoea kuuita shamba lililopaliliwa na kuku. Mama aliugua na hakupona. Alilala kwenye mkeka ule ule, kichwa kikielekea ukutani, na siku za mwisho mlikuwa mnazungumza kupitia udongo. Sikusikia mlisema nini, na sijawahi kukuuliza. Nilichokiona ni kwamba Mama alipokata roho hukupiga kelele, na hukuugusa mlango. Ulijua kwamba ukitoka kumlilia, Bibi atazika wawili. Nimeishi na watu wengi tangu siku ile, dada, wakubwa kwa vyeo na kwa elimu, na sijaona ujasiri unaofanana na ule wa kukaa kimya nyuma ya ukuta wakati mama yako anatolewa nje.

Ulipotoka ndani, mvua nyingine ilikuwa imekwisha kunyesha, nawe ulikuwa mzima, ngozi laini kama ya mtoto mchanga, katikati ya kijiji cha watu wenye makovu. Watu walikushangaa. Bibi alisema mbele ya wote kwamba ukuta ule umeimeza ndui. Kuanzia hapo chumba kikawa na sifa yake. Waluguru wa pande nyingine za mlima waliwaleta binti zao wakae humo ili wapate kinga. Ulipoolewa, ulipewa chumba hicho kiwe chako, kama heshima, na unalala humo mpaka leo, ukikipisha tu msimu anapoingia mwali mwingine.

Hata mimi nilikiamini chumba kile. Nilikichukua pamoja nami kichwani nilipokwenda kusoma.

Na nilikwendaje kusoma? Wasiojua na wasikie. Serikali ilipotaka watoto kwa ajili ya shule yake ya pwani, mjomba wetu hakutaka kunitoa, akisema kwamba mikono ya shambani haitoshi. Wewe ulisimama mbele ya wanaume, Zaina akiwa ameshikilia kaniki yako na kuvuta, ukasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Mjomba, huyu akibaki hapa utakula hasara. Mnampa jembe, anasimama kutazama mdudu. Mpelekeni huko wanakotaka watu wa kutazama wadudu."

Walicheka, na walipokuwa bado wanacheka, wakakubali. Nilitaka kukasirika, lakini ulikuwa umekwisha kuniokoa. Nami nimekuwa hivyo hasa ulivyosema: nilihitimu kwa sifa, nikarudishwa hapa Morogoro, na kazi yangu katika hospitali ni kutazama wadudu katika hadubini, chombo chenye vioo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Ni kazi ambayo vijana wengi waliohitimu pamoja nami waliitamani. Natumaini kupanda zaidi, Mungu akinijalia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Msimu wa kipupwe uliopita, msimamizi wa mashimo ya ulanga alimletea daktari wetu kikapu cha mawe. Alisema mafundi wake wanayatupa kwa kuwa si ulanga, lakini ameambiwa kwamba Ulaya yanatafutwa. Nilipoinua moja ili kulipeleka mezani, mkono wangu ulilitambua kabla ya macho. Lilikuwa jeusi, zito, lenye ukoko wa manjano. Lilikuwa jiwe la msingi wa chumba chako.

Daktari alichukua kioo cha picha, kile ambacho mwanga ukikigusa kinabaki na alama, akakifunga katika karatasi nyeusi ili mwanga wowote usipite. Juu ya karatasi aliweka ufunguo wa kabati, na juu ya ufunguo jiwe. Akafungia vyote katika sanduku. Siku kadhaa baadaye alikisafisha kioo kwa dawa zake mbele yangu, na ufunguo ulikuwa humo, dada, kivuli chake kamili, hata meno yake, ingawa hapakuwa na taa wala jua. Jiwe lenyewe lilikuwa limetoa miale iliyopita katika karatasi. Haionekani, haina joto mkononi, haina harufu. Nilikitazama kioo kile kwa muda mrefu. Nilitaka uwe karibu ili uniulize maswali yako.

Daktari ni mtu wa kueleza mambo, na Kiswahili chake ni kizuri. Alinifundisha kwamba miale ya namna hii haiko katika mawe haya tu. Kiasi kidogo sana kiko kila mahali: katika udongo tunaoulima, katika maji ya mito, katika mawe tunayoyakanyaga hapa Bigwa, ukingoni mwa mji wa Morogoro, hata katika hewa. Watu wote wamezaliwa ndani yake na wamezeeka ndani yake. Lakini kuna mahali ambapo mawe yameikusanya kwa wingi, na milima yetu ni mojawapo. Nikamwuliza inafanya nini katika mwili wa mtu. Ndipo akaniweka kwenye hadubini na kunionyesha tone la damu yangu mwenyewe.

Ndani ya damu, dada, kuna chembe nyekundu nyingi zisizohesabika, na katikati yake kuna nyeupe chache, kubwa kidogo, ambazo daktari huziita walinzi. Ugonjwa ukiingia mwilini, hizo ndizo zinazokwenda kupambana nao. Kidonda kikipona, ni kazi yake. Mtu akipata ndui mara moja na asiipate tena, ni kwa sababu mwili wake umejifunza kumtambua adui. Daktari alisema kwamba Ulaya wameyachuja mawe haya wakapata chumvi yenye nguvu kubwa, wakawawekea wanyama miale yake, na vitu vya kwanza kupungua katika wanyama hao vilikuwa walinzi wa damu. Hata hivyo, alisema pia kwamba wako madaktari wanaoamini kinyume chake, kwamba miale ikiwa kidogo huwaamsha walinzi na kuwatia nguvu. Huko kwao watu husafiri mbali kwenda kunywa maji ya chemchemi zenye miale hiyo na kuyaoga, wakitafuta afya.

Unaweza kufikiri nilivyofurahi. Nilimweleza habari zako zote: chumba, udongo, mawe, ndui, na jinsi ulivyotoka mzima. Daktari aliacha kalamu yake, akanikalisha, akaniuliza kwa nusu siku nzima. Alisema kwamba jambo hili linastahili kuandikwa katika magazeti ya madaktari ya Ulaya, na kwamba jina langu litatajwa. Nilitembea hewani. Nilijiona nimewaletea Wadachi elimu kutoka kwa bibi yangu.

Alianza kuandika. Mimi nilitumwa wakati ule kwenye kibanda cha wagonjwa wa ndui, kilichojengwa mbali na hospitali, ambako haingii mtu ila mhudumu mmoja aliyekwisha kuugua zamani. Vyombo vya kibanda hicho havichanganywi na vingine. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba ya mpaka, nikimtazama mhudumu anavyopokea uji, mwenye makovu usoni, peke yake, chombo chake mkononi; nikamwona Bibi ndani yake.

Mlinzi wako, dada, alikuwa mlango. Ulikaa umefungiwa, hukugusana na mgonjwa, ulilishwa na mtu ambaye ndui haikuwa na uwezo naye tena. Hivi ndivyo madaktari wanavyofanya, na Bibi alivifanya bila kuambiwa na mtu. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sote tunalijua na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitia katika hesabu. Mama alilala upande wa pili wa ukuta ule ule. Udongo ule ule, mawe yale yale, kichwa chake karibu nao kuliko chako. Tofauti yenu ilikuwa moja: yeye alikuwa anatoka nje kuwauguza watu.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia. Aliniuliza kwa upole:

"Mama yenu alilala upande wa pili wa ukuta huohuo?"

"Ndiyo, bwana."

Aliikunja karatasi aliyokuwa anaiandika. "Umeniharibia makala nzuri sana," akasema, halafu akacheka kidogo na kunishika bega. "Afadhali uiharibu wewe hapa kuliko wenzangu kuiharibu kule." Namheshimu kwa maneno hayo, maana wako wakubwa ambao wangeendelea kuandika.

Baada ya hapo ndipo uliposhuka sokoni na maharage yako, nami nikakuvuta hospitalini. Nadhani unakumbuka ulivyonitazama nilipotoa sindano.

"Yaani umesoma mpaka pwani, ukala wali wa serikali miaka yote hiyo, ili uje unichome kidole?"

Nikakwambia ni kidogo tu. Ukasema kwamba hata nyoka husema hivyo. Mhudumu wa hospitali aliyekuwa karibu alicheka mpaka akatoka nje, nawe ukanipa kidole huku umegeuza uso, ukiniambia nifanye haraka kwa kuwa maharage yako yanatazamwa na mwanamke usiyemwamini. Hukuniuliza nilitaka nini na damu yako. Uliniamini tu, na niliona aibu kwa uzito wa imani hiyo.

Niliitazama damu yako baada ya wewe kuondoka, kisha yangu, kisha yako tena, mpaka macho yakauma. Nikamwita daktari aitazame bila kumwambia ni ya nani. Walinzi wako ni wachache, dada. Wamepungua kuliko wangu, na kuliko wa wanawake wengine wa umri wako wanaokuja hapa. Nilipokwisha kujua hilo, mambo mengine yakaja yenyewe: kikohozi chako cha kila kipupwe, ambacho hukiita salamu ya mlima; lile jeraha dogo la mundu mguuni, lililokaa wazi tangu kupalilia hadi kuvuna; vidonda vya kinywani vinavyokuzuia usile mboga yenye pilipili, wewe uliyekuwa unashindana na wanaume kuila. Nilipokuuliza sokoni, ulijibu kwamba ni uzee. Dada, wewe si mzee. Wenzako mliochezwa unyago mwaka mmoja wanapanda kutoka Mlali na mizigo kichwani bila kupumzika.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu wanaosikiliza wanaweza kudhani kwamba nimeleta hukumu. Sikuileta. Daktari mwenyewe, nilipomwuliza kama ukuta ndio uliofanya haya, alijibu, "Sijui." Homa za kila mwaka nazo hupunguza nguvu za damu, uzazi nao, njaa ya mwaka ule wa vita nayo. Damu ya mtu mmoja haithibitishi jambo. Hakuna duniani, wala hapa wala Ulaya, mtu anayeweza kusema leo kwamba miale ya ukuta kama ule, inayokuja kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, inawaua walinzi, au inawaamsha, au inawapita tu bila kuwadhuru. Miale ambayo iko kila mahali haijatuangamiza; hilo tunaliona. Iliyokusanyika katika chumba kimoja bila dirisha, ambamo mtoto anakula, analala na kuvuta hewa usiku na mchana, hilo hatulijui.

Nami nasema hivi: kwa kuwa hatulijui, tusimtumie Zaina kulijua.

Nafahamu yatakayosemwa. Litasemwa kwamba nimekula kwa Wadachi na sasa natapika mila yetu. Bibi, nisamehe nikikusemesha wewe katikati ya barua ya mjukuu wako, shikamoo. Sijapata kuvutiwa na elimu ya mtu kama nilivyovutiwa na yako. Ulimfungia mtoto, ukakataza watu, ukatenga chombo, ukapeleka chakula wewe uliyekuwa na kinga. Wasomi wamejenga vibanda na kutunga sheria ili kufanya hayo hayo. Kama dada yangu yu hai, ni kwa sababu ya mlango wako na mikono yako, na popote nitakapokwenda nitalisema hilo bila haya. Kilichokosewa ni kuupa ukuta sifa iliyokuwa yako. Basi naomba uichukue sifa yako, Bibi, na ukuta tuubomoe.

Dada, narudi kwako. Tangu nilipoitazama damu yako sijawa na raha. Nikiwa kazini nafanya kazi yangu kwa uangalifu, lakini mchana ninapopata nafasi hutoka uani na kuitazama milima, mahali ambapo najua njia yetu inapinda na kupotea, nami najikuta ninakuwazia ukiwa umekaa kitako katika chumba kile kinachometa, ukishona kaniki ya mwanao. Hujawahi kulalamika mbele yangu hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni kawaida ya dada wote. Sasa nimeona watu wengi wakiugua, na najua kwamba si kawaida. Ni kazi unayoifanya kila siku, kimya, ili sisi wengine tusiogope.

Mara ya mwisho nilipomwona Zaina alinisindikiza hadi kijitoni. Amekuwa mrefu, anacheka kama Mama, na ulimi ameurithi kwako. Aliniuliza kama ni kweli kwamba katika kioo changu chawa anaonekana mkubwa kama ng'ombe. Nikasema si kama ng'ombe, labda kama mbuzi. Akafikiri, kisha akasema, "Basi mjomba, huko mjini mna mchezo mbaya." Mtoto wa namna hiyo nataka aingie ndani akafundwe na kungwi wake, atoke akiwa mtu mzima, na awe na walinzi wake wote.

Kwa desturi yetu, mwali haingii ndani pasipo neno la mjomba wake. Mimi ndiye mjomba wa Zaina. Nilikuwa mbali, na mambo haya yalikuwa yanaamuliwa bila mimi kwa sababu nilionekana mtu wa shule, siwalaumu. Lakini neno hilo ni langu, na leo nalitumia. Ninakubali awekwe ndani. Ninakubali kungwi mliyemchagua. Chumba nakikataa, mpaka udongo wake wote umebanduliwa, mawe meusi yamerudishwa juu ya kijito yalikotoka na kufukiwa, na ukuta umekandikwa upya kwa udongo mwekundu wa mtoni, ukiachiwa dirisha dogo juu la kupitisha hewa. Vumbi lake lisivutwe puani: tutaulowesha ukuta kwa maji kwanza, na watoto wakae mbali. Ni kazi ya siku moja kwa watu wachache. Kukandika naweza; jembe mlilodhani silijui nimelizoea tena. Kama chumba hakitakuwa kimekauka mwezi ukiandama, mtoto akae nyumbani kwa kungwi mpaka kikauke. Na kikikauka usirudi humo mara moja. Kaa kwanza msimu mmoja mahali pengine, kisha utaniruhusu nikuchome kidole tena.

Daktari amenipa ruhusa. Nitatoka hapa Jumamosi baada ya kazi ya asubuhi, nilale Mlali, na nipande kabla jua halijawa kali. Tukutane Jumapili, saa moja asubuhi, mlangoni pa chumba, wewe, Bibi, Zaina na kila mwenye neno. Nitakuja na jembe begani. Ukiwa umekubali, toka na lako. Ukiwa hujakubali, njoo mikono mitupu, tuketi chini tusemezane hadi jioni ikibidi. Ila nitakapofika, mlango uwe bado wazi, na Zaina awe amesimama nje.

Mimi mdogo wako,
mjomba wa Zaina.